Shoga aliniomba pesa kwa WhatsApp, kumbe si yeye

*Bi Mkubwa, assalamu alaykum. Mimi ni mke wa mtu, nipo Wete, Pemba. Nina shoga yangu tuliyesoma skuli moja, kaolewa Unguja. Usiku mmoja aliniandikia WhatsApp kwamba mwanawe kalazwa Mnazi Mmoja, anataka laki mbili za dawa, atanirudishia Ijumaa. Aliniita "Mwana", jina ambalo yeye peke yake ndiye huniita. Akaniomba nimsitiri, nisimwambie hata mume wangu. Akasema laini yake ina matatizo, nitume kwa namba ya shemeji yake. Lilikuja jina la mwanamme nisiyemjua, nikatuma. Zilikuwa pesa za karafuu tulizoziweka za kuezekea.*

*Siku ya tatu nikampigia kuuliza hali ya mtoto. Akashangaa, mtoto mzima. Kumbe alipata kiungo cha kumpigia kura mtoto wa mashindano ya kuhifadhi Qur-ani, akatia namba yake, akaambiwa aingize alama nane kwenye WhatsApp, akaingiza. Asubuhi ya pili aliona watu wanamjibu maneno asiyoyaandika. Akajua, akanyamaza. Mchana wa siku hiyo mwenzetu mwengine naye akatuma. Nataka anilipe angalau nusu, yeye ndiye aliyemfungulia mwizi. Anasema hadaiwi. Hatusemezani. Mwanangu anataka niwashitakie WhatsApp. Mume wangu hajui lolote. Nifanye nini?*

Wa alaykum salaam, mwanangu. Pole kwa pesa, na pole zaidi kwa shoga, maana naona huyo ndiye anayekuliza.

Nianze na nusu unayoitaka. Usiidai. Shoga yako hakukopa, hakupokea na hakukutuma. Ukimbana akakulipa, atakuwa amelipa deni la mwizi kutoka mfukoni mwa watoto wake, na kila mkionana laki moja hiyo itakuwa imekaa katikati yenu. Unasema alimfungulia mwizi. Kweli, lakini hakujua kuwa anafungua. Zile alama nane kazi yake ni kuunganisha kifaa chengine na WhatsApp ya mtu. Simu ya mwenyewe haizimi wala haikatiki, anaendelea kuchati kama kawaida, na huku mtu wa mbali anasoma mlivyoandikiana nyuma. Ndiyo maana alijua kukuita "Mwana". Mwizi alivaa buibui la shoga yako akaja kukugongea mlango, na sauti ya kugonga ikawa ndiyo ile ile uliyoizoea. Nani angemtambua?

Ila kuna jambo moja ambalo una haki nalo kabisa, nalo ni ule unyamavu. Asubuhi ile alipoona majibu ya watu, ilikuwa wajibu wake apige simu kwako na kwa kila mtu, aandike kwenye makundi, amwambie mumewe, atume hata mtoto kwa jirani: jamani, mimi siombi pesa. Pesa zako huenda zilikuwa zimeshatolewa usiku ule ule. Za mwenzenu wa mchana zilikuwa bado mkononi mwake. Aliona haya kuonekana mjinga, na kwa haya yake mtu mwengine akaibiwa. Hilo ni kosa, na anapaswa kuambiwa hivyo na mtu anayempenda. Mwambie kwa mdomo, usimwandikie. Mambo kama haya yakiandikwa huonekana makali kuliko moyo wa aliyeandika.

Na umuulize pia kama ameshamtoa mwizi kwenye WhatsApp yake. Afungue WhatsApp, aende kwenye mipangilio, atazame sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na kila kifaa asichokijua akiondoe. Kisha aweke uthibitishaji wa hatua mbili, ile namba ya siri ya tarakimu sita ambayo WhatsApp humuuliza mtu. Na wewe fanya hivyo hivyo leo. Kama hajakiondoa kile kifaa, mwizi bado yumo na anasoma hata mnavyogombana.

Sasa niseme linaloniuma mimi. Huyu mwizi anatujua. Anajua kwamba Mpemba akishaambiwa "nisitiri" anaona aibu hata kuuliza. Tumelelewa kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na tunadhani kumpigia simu mtu aliyeomba ni kumshuku. Basi mwizi anaomba sitara mwanzo, kabla ya pesa, kwa sababu sitara ndiyo itakayokufunga mdomo. Hebu fikiri, mwanangu: ungekuwa Unguja usiku ule, usingetoka kwenda kumtazama mtoto hospitali? Ungekwenda. Uko Wete, bahari iko kati yenu, basi kupiga simu ndiko kumtazama mgonjwa. Ungempigia kwa namba yake ya kawaida, nje ya WhatsApp, umuulize mtoto ana nini, kala, homa imeshuka? Ndani ya nusu dakika ungejua kila kitu, na kama dhiki ingekuwa ya kweli angefarijika kusikia sauti yako kuliko zile laki mbili. Asipopokea, mpigie mama yake au mumewe umuulize hali ya mtoto, bila kutaja pesa. Hapo hujamvunjia mtu sitara yake.

Na ukiambiwa umfiche mume wako jambo la pesa usiku wa manane, hiyo peke yake ingetosha kukusimamisha. Lile jina la mwanamme pia. Kabla hujatia namba ya siri, simu inakuonesha jina la mwenye laini ili usome na uamue. Likija jina usilolijua, futa kwanza, uliza baadaye.

Mwanao ana nia njema lakini WhatsApp haikugusa pesa zako. Huko India, tangu 2020, watu wanaweza kutumiana pesa ndani ya WhatsApp yenyewe, na Wachina hufanya hivyo kwa WeChat. Kwetu sisi maneno yanapita WhatsApp na pesa zinapita mtandao wa simu. Kwa hiyo mlango wako ni kampuni ya simu na polisi.

Piga huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia, uwape namba ya muamala iliyomo kwenye ujumbe uliopata ulipotuma. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyepokea wanaweza kuzizuia. Zikiwa zimeshatolewa kwa wakala, sitaki kukupa matumaini ya bure. Hata hivyo ripoti. Namba ile itume TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040 ili ifungiwe, kabla hajaibiwa mwengine. Halafu nenda kituo cha polisi hapo hapo Wete ukachukue RB, yaani namba ya ripoti yako ya polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inatumika Bara na Visiwani, na laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo jina lile ni pa kuanzia, hata kama mwenyewe atasema laini yake aliiazimisha. Usifute mazungumzo hata kama yanakutia hasira. Yapige picha, pamoja na ule ujumbe wa muamala. Yule mwenzenu mwengine naye aende kuripoti, maana malalamiko mawili juu ya namba moja yana uzito.

Mume wako mwambie usiku huu, kabla hujakwenda polisi. Karafuu mmechuma wote, mmechambua wote, mmeanika wote, na mabati yakichelewa ataona. Atakasirika, na ana haki. Lakini atakasirikia kuibiwa. Ukichelewa, atakasirikia kufichwa, na hilo mimi sijui dawa yake. Mwambie na sababu: uliamini mtoto wa shoga yako anaumwa. Hakuna aibu katika hilo hata kidogo.

Jengine, na hili likamate sana. Katika siku hizi za mbele anaweza kukupigia mtu mwenye sauti nzuri, akajiita wa mtandao au wa polisi, akwambie laki mbili zako zimepatikana, utume elfu kumi ya kuzifungulia, au umtajie namba yako ya siri. Hao mara nyingi ni wale wale, namba yako wanayo. Kata simu. Polisi wakikutaka watakuita kituoni, na RB yako unayo mkononi. Mkishakwenda, niandikie wamewaambia nini, na shoga amepokea vipi.