Maswali yenu: Greenville imefanyaje mpaka katikati ya mji pakajaa hivi?

Mwezi huu ni kama mmepanga, manake zaidi ya nusu ya barua zinahusu mji mmoja, Greenville ya South Carolina, Marekani. Wengine mnaishi hapo hapo, mmoja anataka kufungua mgahawa, mwingine kapewa notisi ahame, na kuna mmoja kaja na hasira (za haki, tutafika). Nimezifupisha na majina nimeyaacha.

Swali: Shikamoo mhariri. Nilikuja Greenville kufuata kazi ya kiwandani. Jumamosi jioni Main Street hapapitiki, watu wamejaa mpaka nje ya migahawa, ukigeuka huku kreni, huku kreni. Na mji wenyewe si mkubwa kihivyo. Wenzangu kazini wanasema ni yale maporomoko ya mto ndo yamevuta watu. Ni kweli au ni stori tu?
*Kijana wa zamu ya usiku*

Jibu: Marahaba kijana. Maporomoko ya mto Reedy yalikuwepo kabla hata ya mji kuwepo, kwa hiyo yenyewe peke yake hayawezi kuwa jibu. Kwa miaka 40 na kitu ungepita pale usiyaone kabisa, kwa sababu mwaka 1960 walijenga daraja la Camperdown, la magari, njia nne, likapita juu ya maporomoko yenyewe. Na mto ulikuwa mchafu wa kutisha, Greenville enzi hizo ilijiita mji mkuu wa nguo duniani na viwanda vilikuwa vinamwaga rangi mtoni, watu wa pale wanasimulia kwamba maji yalikuwa yanabadilika rangi kutegemea kiwandani siku hiyo wanatia rangi gani. Sasa mtalii wa nini hapo?

Na Main Street nayo ilikuwa inakufa. Watu wamehamia pembeni, maduka yakawafuata kwenye mall zenye paki ya bure (Haywood Mall ilifunguliwa 1980, hiyo ndo iliwamaliza wenye maduka makubwa ya mjini). Main Street yenyewe ilikuwa njia nne, gari zinapita kasi kwenda kwingine.

Hapo sasa ndo anaingia Max Heller, na huyu ukikaa Greenville lazima umjue. Myahudi wa Vienna, kazaliwa 1919, akakimbia 1938 baada ya Wanazi kuichukua Austria, akafika Greenville akaanza kwa kufagia kwenye kiwanda cha mashati, baadaye akawa na kiwanda chake mwenyewe, na kuanzia 1971 mpaka 1979 akawa meya. Mtu aliyekulia Vienna anajua mji ambao watu wanakaa nje, wanatembea, wanakunywa kahawa barazani. Kwa hiyo alichofanya kwa Main Street kiliwashangaza wengi, njia nne zikawa mbili, sehemu iliyobaki ikawa miti, njia pana za waenda kwa miguu na paki za mshazari. Mchoraji alikuwa Lawrence Halprin, jina kubwa kwenye fani hiyo Marekani. Hebu jiweke kwenye nafasi ya mwenye duka, wateja hawaji, halafu meya anakuja kukupunguzia barabara! Lakini ile miti unayokaa kivulini mwake leo ukila ndo hiyo hiyo ya enzi za Heller, na miti ya namna hiyo huwezi kuinunua ikiwa tayari imekua.

Baada ya hapo walicheza mchezo mmoja ambao mimi nauona ndo wa akili kuliko yote. Waliweka kitu kikubwa upande mmoja wa barabara, halafu kingine mbele, ili watu walazimike kutembea katikati. Upande wa juu hoteli ya Hyatt, 1982, ambayo jiji lenyewe liliingiza hela kwa sababu hakuna mwekezaji angekubali peke yake. Chini karibu na mto, ukumbi wa sanaa wa Peace Center, 1990. Mbele zaidi West End, uwanja wa baseball wa Fluor Field, 2006. Ukitoka kimoja kwenda kingine unapita mbele ya maduka, utake usitake.

Maporomoko yalikuja mwishoni mwishoni. Meya ni Knox White, yupo ofisini toka 1995, na alibishana sana na watu waliosema ukibomoa daraja foleni itatuua. Camperdown likabomolewa 2002, na 2004 likafunguliwa daraja la miguu, Liberty Bridge, limepinda, urefu futi 355 (kama mita 108 hivi), limening'inizwa kwa kebo upande mmoja tu. Hela ya bustani iliyotengenezwa hapo kwenye maporomoko ilitoka sana sana kwenye kodi ya asilimia 2 ya chakula na vinywaji vya mgahawani. Ukila Main Street angalia risiti yako, ipo.

Kwa hiyo waambie wenzako wa zamu kwamba maporomoko yalifunuliwa, na kuyafunua ilikuwa uamuzi wa watu na pesa ya umma. Hilo nalisisitiza kwa sababu ya barua inayofuata.

Swali: Mhariri, mimi nasoma safu yako siku zote lakini kuna kitu kinaniudhi, kila mtu anaisifia Greenville kama muujiza. Mimi naishi upande wa Southernside, majirani zangu wazee, Wamarekani weusi, wanaondoka mmoja mmoja. Nyumba inabomolewa leo, mwezi ujao kuna ghorofa tatu za kioo. Huo muujiza ni wa nani?
*Jirani wa bustani mpya*

Jibu: Swali lako ni zuri kuliko jibu nitakalokupa, ila ngoja nijaribu.

Hiyo bustani mpya ni Unity Park, ekari 60, ilifunguliwa Mei 2022, na historia ya ile ardhi ni chungu. Miaka ya 1920 palitengwa bustani ya Mayberry kwa ajili ya watoto weusi, kwa sababu kwenye bustani za wazungu walikuwa hawaruhusiwi kuingia. Mwaka 1938 jiji likamega sehemu ya hiyo hiyo likajenga uwanja wa baseball wa Meadowbrook kwa ajili ya timu ya wazungu. Baadaye eneo lote la mtoni likageuzwa mahali pa kuweka vitu ambavyo mji hautaki kuviona. Kwa hiyo watu wa Southernside walikaa miaka na miaka jirani na uchafu wa mji kwa bei rahisi, na siku uchafu umeondolewa bei ikapanda na wao hawaiwezi. Huo ndo mchezo wenyewe, na jiji linaujua, hawajifichi.

Ukiangalia sensa, mji ulikuwa na watu 58,409 mwaka 2010, ikafika 70,720 mwaka 2020, lakini sehemu ya weusi kwenye hiyo idadi imekuwa ikishuka sensa baada ya sensa. Mji unaongezeka watu na wakati huo huo unapoteza watu, na wanaopotea ni wale wale.

Sasa jiji linaweza nini? Wengi mnauliza kwa nini meya asiweke tu ukomo wa kodi ya pango. Hawezi. Sheria ya jimbo la South Carolina inazikataza kaunti na miji kuweka ukomo huo, hata madiwani wote wakinyoosha mkono. Kwa hiyo inabaki ardhi ambayo jiji linaimiliki lenyewe, hiyo linaweza kuitoa kwa masharti. Na kwa Unity Park walifanya, waliweka kando viwanja vya pembeni ya bustani kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Je inatosha? Kwa maoni yangu haitoshi, viwanja vya jiji ni vichache na wanunuzi wa binafsi wana haraka. Lakini pale nyuma nimesema Main Street ilitengenezwa kwa maamuzi na hela ya umma, hoteli ikasaidiwa, daraja likabomolewa, kodi ya chakula ikapangiwa kazi. Mji ulioweza kumshika mkono mwenye hoteli mwaka 1982 usiniambie hauna jinsi ya kumshika mkono bibi wa Southernside. Vikao vya baraza ni vya wazi na wananchi wanapewa nafasi ya kuongea, na kiwanja kikiombewa kubadilishiwa matumizi kinasimamishwa kibao pale pale nje. Kibao hicho usikipite tu. Tarehe ya kikao imeandikwa.

Swali: Habari za kazi. Mama yangu ana miaka 67, ana nyumba yake ndogo West Greenville, amelipa mkopo ameumaliza. Anaogopa kodi ya majengo itamtoa. Kaka yangu anasema tuandikishe nyumba kwa jina lake ili iwe salama.
*Binti wa pili*

Jibu: Mwambie kaka atulie kwanza. South Carolina nyumba unayoishi mwenyewe kodi inapigwa juu ya asilimia 4 tu ya thamani yake, na ile usiyoishi juu ya asilimia 6, na unayoishi inasamehewa pia kodi ya uendeshaji wa shule, ambayo ndo kubwa. Lakini hiyo 4 huipati kwa kukaa kimya, lazima uiombe kaunti. Hakikisheni mama aliiomba. Pili, akishatimiza miaka 65 na ameishi jimboni mwaka mzima, dola 50,000 za kwanza za thamani ya nyumba hazitozwi kodi, na hiyo nayo anaomba mwenyewe. Tatu, thamani inapitiwa kila baada ya miaka 5 na haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 15 kwenye zoezi hilo, hata kama jirani kauza kwa bei ya ajabu.

Ila sasa, huo ukomo wa 15 kwa kawaida unakufa nyumba ikibadilisha mmiliki. Kuna misamaha, kama nyumba ikihamishwa kati ya mume na mke, lakini mkiihamishia kwa kaka ambaye haishi pale mnaweza kujikuta mmepoteza ukomo, mmepoteza asilimia 4 na msamaha wa mama wa umri, vyote siku moja. Muoneni mwanasheria kabla ya kusaini chochote. Na zile kadi za kwenye posta, "tunanunua nyumba yako keshi", mama azitupe.

Swali: Nataka kufungua mgahawa mdogo wa chakula cha nyumbani, nimeona nafasi ya chini kwenye jengo jipya karibu na Main Street. Niingie?
*Mpishi*

Jibu: Dada mpishi, usidanganyike na umati. Nafasi za chini kwenye majengo mapya mara nyingi zinakuja tupu kabisa, zege na waya zinaning'inia, na jiko la biashara linataka bomba la kutolea moshi mpaka juu na mtego wa mafuta chini. Kabla ya bei uliza nani analipia hivyo. Halafu uliza kama juu ya pango utachangia kodi ya jengo, bima na usafi wa maeneo ya pamoja, manake wengi wanaangalia ile namba ya kwanza tu. Na ile asilimia 2 niliyomtajia kijana hapo juu si yako, unaikusanya na kuipeleka, ukiila utajuta. Mimi ningeanzia pembeni, kama West Greenville kwenye ile mitaa ya viwanda vya zamani yenye wasanii sasa, au karibu na njia ya baiskeli ya Swamp Rabbit inayokwenda Travelers Rest juu ya reli ya zamani. Wenye baiskeli wanakula sana.

Swali: Eti uwanja wa baseball wa Greenville umenakiliwa Boston?
*Mbishi wa baa*

Jibu: Umeshinda ubishi. Fluor Field umeigwa Fenway Park ya Boston mpaka ule ukuta mrefu wa kijani, na timu yake, Greenville Drive, ni ya kulelea wachezaji wa Boston Red Sox. Wakulipie hiyo bia.

Swali: Mhariri nisaidie, nimepanga bila mkataba wa maandishi, nalipa mwezi kwa mwezi. Mwenye nyumba anasema jengo limeuzwa nitoke wiki hii, la sivyo anabadili kitasa.
*Mpangaji*

Jibu: Hawezi. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi South Carolina anapewa notisi ya maandishi ya siku 30, na jengo kuuzwa hakufuti hiyo. Kubadili kitasa ukiwa bado unaishi ndani ni kosa, kukutoa ni lazima kupitia kwa hakimu. Endelea kulipa pango na tunza risiti, kwa sababu ukichelewa kulipa hadithi inabadilika, siku 5 tu zikipita anaweza kuanza kesi kwa hilo. Ukiletewa karatasi ya mahakama una siku 10 za kujibu na kuomba usikilizwe, na wengi wanapoteza nyumba hapo hapo kwa kuikunja na kuiweka kwenye droo. Kama kipato ni kidogo wapigie South Carolina Legal Services, wanatoa msaada wa sheria bila malipo. Wapigie leo, usisubiri hizo siku ziishe.