Mwanangu asema amejifunza wajibu kwa Spider-Man: je, dini inasemaje?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mwanangu ana umri wa miaka 13 na anapenda mno vitabu vya katuni, hasa vya Spider-Man. Majuzi, akitoka madrasa, aliwakuta vijana wakubwa wakimpiga mwenzake, akajitosa kumtetea, akarudi nyumbani na jeraha usoni. Nilipomgombeza alinijibu kuwa mwenye nguvu ana wajibu. Lakini huyohuyo nikimwita amshike mdogo wake, hainuki. Je, inafaa avisome vitabu hivi, na mafunzo yake yanakubaliana na dini yetu?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Mama, hadithi za kubuni ambazo msomaji anajua kuwa ni za kubuni, wanazuoni wengi wa zama hizi hawakuona ubaya kuzisoma, maadamu hazina uchafu wala hazimshughulishi mtu akaacha Swala. Suala la picha lina mjadala wake mrefu, na si mahali pake hapa.

Spider-Man alibuniwa Marekani mwaka 1962 na Stan Lee na Steve Ditko. Peter Parker, yatima anayelelewa na ami yake Ben na mkewe May, anaumwa na buibui mwenye mionzi na kupata nguvu zisizo za kawaida, na jambo la mwanzo analofanya ni kuzitumia kutafuta fedha na umaarufu. Siku moja mwizi anayefukuzwa na askari anapita mbele yake, naye, ambaye angeweza kumzuia bila taabu, anamwacha aende zake kwa kuwa halimhusu. Baadaye ami yake anauawa, na muuaji ni mwizi yuleyule. Hapo ndipo linapokuja lile neno la nguvu na wajibu, ambalo watu wengi hulinasibisha na ami Ben, ilhali katika kisa cha kwanza ni msimulizi anayelisema, ami akiwa amekwisha kufa.

Kijana huyo hakumwibia wala kumpiga mtu. Analaumiwa kwa kukaa tu. Jambo hili mafakihi wetu walilichambua kwa makini. Kumwokoa anayezama ni faradhi ya kifaya: wakilifanya baadhi, wengine wamesalimika. Lakini aliyepo akiwa ni mmoja tu, naye anajua kuogelea, faradhi inamwangukia yeye mwenyewe, hata wakasema aikate Swala aliyomo akamwokoe. Asiyejua kuogelea halazimiki kujitupa majini, ila hana udhuru wa kutoita watu. Uwezo ndio uliomfunga yule, na kuukosa ndiko kulikomfungua huyu, kwani Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Baqara, aya ya 286, kuwa haikalifishi nafsi yoyote ila kwa kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo katika hili mwanao hakupotoshwa.

Tunapotofautiana na kisa hiki ni kwenye chanzo. Peter Parker anaubeba wajibu kwa sababu ya majuto, na pasingekuwa na msiba huenda angeendelea kutafuta umaarufu. Muislamu hangoji msiba, kwa kuwa amekwisha kuambiwa katika Suratut Takaathur kwamba ataulizwa juu ya neema. Na katika hadithi ya Ibn Umar, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amesema kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, kisha akawataja kiongozi, mwanamume na watu wa nyumbani kwake, mwanamke na nyumba ya mumewe, na mtumishi na mali ya bwana wake. Humo hakutajwa hata mmoja aliyeumwa na buibui.

Ama kujitolea, tunaye Ansari mmoja, yaani mtu wa Madina katika waliomnusuru Mtume, aliyemchukua mgeni wa Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake hali hapakuwa na chakula ila cha watoto. Mkewe aliwalaza watoto, akaizima taa kama anayeitengeneza, wakajifanya wanakula pamoja na mgeni, wakalala na njaa. Shujaa wa katuni huvaa kinyago ili asijulikane yeye. Hawa walizima taa ili mgeni asijue amepewa nini. Katika watu wa namna hiyo iliteremka aya ya 9 ya Suratul Hashr.

Hata hivyo, kujitolea kuna mipaka. Abu Dardaa, swahaba wa Mtume, alipozidisha ibada hadi akamsahau mkewe, swahaba mwenzake Salmaan alimwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki, na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake, na Mtume (S.A.W.) akasema Salmaan amesema kweli. Hapa ndipo mimi ninapomlaumu Spider-Man, ambaye katika visa vingi anamwacha May akimngoja kwa wasiwasi, na akirudi anamficha alikokuwa.

Kwa hiyo, mama, usimgombeze mwanao kwa kumtetea aliyedhulumiwa, bali mfundishe namna ya kumtetea. Hadithi ya Abu Said al-Khudri juu ya kuondoa uovu imeweka mkono, kisha ulimi, kisha moyo, kila mtu kwa uwezo wake, na mtoto wa miaka 13 mbele ya vijana wakubwa uwezo wake ulikuwa katika kupaza sauti na kuwaita watu wazima. Kuhusu mdogo wake, msomee hadithi ya mchunga yote, kisha umuulize yeye yumo wapi. Na ikiwa amekwisha kubaleghe, mjulishe kwamba kukuitikia unapomwita ni wajibu wake mbele ya Mwenyezi Mungu, si hisani anayokufanyia.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.