Kwa nini "go home" haihitaji "to"?

SWALI: Mhariri, katika zoezi la Kiingereza niliandika "I went to home", mwalimu akafuta "to". Sentensi iliyofuata, "I went to school", hakuigusa, na "I came from home" aliikubali pia. Nyumbani na shuleni pote ni mahali. Mbona neno moja linadai kihusishi na jingine linakikataa?

JIBU: Mwalimu wako amesahihisha ipasavyo. Chanzo cha utata ni Kiswahili chetu, ambacho huyapa maneno yote mawili kiambishi -ni, yakaonekana kuwa ya namna moja. Katika Kiingereza, "school" ni kama "shule" tupu: ni nomino, na baada ya "go" haiwezi kuonyesha mwelekeo bila kihusishi. Lakini "home", ikifuata kitenzi cha mwendo, si "nyumba" bali ni "nyumbani" kamili, yaani kielezi ambacho -ni yake imo ndani tayari, na ukikitanguliza "to" ni kana kwamba umesema "nyumbanini". Wenzake ni "here", "there", "upstairs" na "abroad". Hilo la mwisho ulichunge sana, kwa sababu "she went to abroad" ni kosa ninalolikuta hata katika maandishi ya watu waliosoma miaka mingi.

Kuhusu "from", vielezi hivi hubeba maana ya kuwapo mahali au kuelekea huko, wala havibebi maana ya kutoka. Sisi kazi hiyo tumemwachia kitenzi "toka". "Come" ya Kiingereza haiiwezi peke yake, ndiyo maana husemwa "from home", "from here" na "from abroad".

Angalia pia kwamba "home" hurudi kuwa nomino anapotajwa mwenye nyumba, na hapo "to" hurejea: "we went to his home". Kwa kukaa tu, bila mwendo, "she is at home" ni sahihi.

Vipo vilevile vitenzi visivyotaka kihusishi hata mbele ya nomino ya mahali, kama "reach" na "visit": "we reached the station". "Arrive", ijapokuwa maana yake ni ileile ya kufika, hudai "at" kwa mahali kama kituo na "in" kwa mji au nchi, kama katika "we arrived in London". Ila ikikutana na "home" huviacha vyote viwili: "we arrived home".