Ukisimulia vita vya Wagiriki na Waajemi, uliza kwanza nani kapokea habari kwa nani

Vita vya Marathon, Thermopylae na Salamis havimpi mwandishi taabu kubwa, maana Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, amevisimulia kwa kirefu. Kazi inaanza pale anapoishia, mwaka 479 KK. Waathene waliendelea kupigana na Waajemi kwa miaka 30 hivi baada ya hapo, na habari zake zimetufikia vipande vipande.

Mimi nilikwama Eurymedon, mto wa kusini mwa Uturuki ya leo, ambako Cimon, jemadari wa Athene, aliwashinda Waajemi kati ya 469 na 466 KK. Mara ya kwanza niliokoteza kila kilicho kitamu: idadi ya merikebu kutoka huku, jina la jemadari kutoka kule, na kile kisa cha Cimon kuwavalisha askari wake nguo za Kiajemi wakaingia kambini usiku bila kushtukiwa. Msomaji mmoja akaniuliza: aliyesimulia kisa cha nguo alikipata kwa nani? Sikuwa na jibu. Iliniuma, kwa sababu watu walikuwa wameniamini.

Tangu siku hiyo natafuta isnadi kwanza, yaani mlolongo wa waliopokezana habari, kama wafanyavyo wanazuoni wa hadithi za Mtume. Nachora safu kwenye daftari, kila msimulizi na yake, na juu ya jina lake naandika aliishi lini. Thucydides, mwanahistoria wa Athene aliyezaliwa karibu na miaka hiyohiyo ya pigano, ana maneno machache tu: ushindi wa nchi kavu na majini kwa siku moja, merikebu 200 za Wafoinike, mabaharia waliowapigania Waajemi, zikatekwa na kuharibiwa. Diodorus, mwandishi wa Kigiriki wa miaka 400 hivi baadaye, ndiye mwenye kisa cha nguo. Plutarch, Mgiriki mwandishi wa maisha ya watu mashuhuri, kaja zaidi ya miaka 500 baada ya tukio, lakini nampenda kwa jambo moja: anawataja aliopokea kwao. Ephorus, anasema, alihesabu merikebu 350 za adui, Phanodemus, 600. Usitafute wastani hapo. Wala usizishindanishe na zile 200 za Thucydides, maana yeye anahesabu zilizopotea, wenzake zilizokuja.

Kisha fungua ramani. Diodorus anaweka pigano la majini Kupro, halafu usiku uleule anamfikisha Cimon mtoni. Niliweka rula: ni zaidi ya kilomita 200 za bahari, kwa wapiga makasia waliotoka vitani. Karibu na 450 KK Waathene walipigana tena majini na nchi kavu, safari hii huko Kupro kwenyewe, na mimi naamini Diodorus amechanganya mapigano hayo mawili.

Upande wa Waajemi hatuna masimulizi yao ya pigano hili. Maandishi ya mwambani Behistun, huko Iran, ni ya Darius, mfalme wao wa kabla ya pigano hili, na maasi aliyoyazima. Vibao vya Persepolis, mji wao wa kifalme, vinahesabu shayiri, mvinyo na posho za wasafiri. Kwa hiyo usimwandikie mfalme aliyeshindwa Eurymedon hasira wala machozi.

Aya yangu ya Eurymedon sasa inaanza na "Thucydides anasema", na ni fupi. Kisa cha nguo bado kimo, chini kidogo, jina la Diodorus likiwa mbele yake, na zile kilomita 200 zikifuata.