Kompyuta ya gemu visiwani: maswali yenu na majibu yetu

Barua nyingi za safari hii zinauliza kadi ya picha. Majibu yetu mengi, hata hivyo, yanarudi kwenye umeme na chumvi, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoua kompyuta Unguja na Pemba. Tunasisitiza tangu mwanzo: fedha ya kujilinda na viwili hivyo itengwe kabla ya fedha ya kadi.

Nina Dell OptiPlex 9020, ile nyembamba, yenye i5-4590 na RAM GB 8. Naweza kutia kadi nikacheza eFootball na GTA V? (Chake Chake)

Unaweza, na kwa mtu anayeanza mashine hiyo ni chaguo zuri. Lakini jua mipaka yake. Pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya umbo hilo jembamba ni ya wati 255 na haina waya wa kulisha kadi. Tena kiunganishi kinachoingia kwenye madabodi, ile bodi kuu, ni cha Dell wenyewe, cha pini 8, si kile cha kawaida cha pini 24. Akikwambia mtu ununue pawasaplai kubwa uibadilishe tu, muulize itaingia wapi.

Kwa hiyo kadi yako ipate umeme wote kwenye sloti ya madabodi inamochomekwa, ambayo kiwango chake ni wati 75, na iwe ya kimo kifupi. Mbili zinafaa: GTX 1650 ya GB 4, au RTX 3050 ya GB 6 ambayo inakula wati 70. Angalia vitu viwili kabla ya kulipa. Kwanza, juu ya kadi kusiwe na tundu la pini 6. GTX 1650 nyingine zinalo. Pili, boksi liwe na lile bamba fupi la nyuma, maana bila hilo kadi haifungiki kwenye keisi yako. Kadi hizi nyingi zinachukua upana wa sloti mbili, basi fungua kifuniko upime nafasi iliyopo.

Utaambiwa pia RX 6400, wati 53 tu. Kwenye mashine yako tusingeichukua. Kadi hiyo inatumia njia 4 tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na madabodi, na prosesa yako ya kizazi cha nne inaishia PCIe 3.0, toleo la polepole. GB 4 zake zikijaa, gemu inaanza kukwamakwama.

Tia SSD kama huna, halafu ongeza RAM ya DDR3 ifike GB 16, vijiti viwili vya GB 8 vinavyofanana. Baadaye, prosesa ikikubana, i7-4770 au i7-4790 inaingia kwenye tundu hilohilo. Na kwa wale ambao bado hawajanunua: msichukue OptiPlex 7010 ya kizazi cha tatu kwa sababu ya tofauti ndogo ya bei. Prosesa zake hazina AVX2, kundi la amri za hesabu, na baadhi ya gemu mpya hazifunguki kabisa bila hiyo.

Umeme ukikatika na kurudi kompyuta inajizima na kujiwasha. Jirani yangu kaunguza kadi. Stabilaiza inatosha? (Mwanakwerekwe)

Haitoshi peke yake. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 230. Kinachoharibu si kule kukatika tu, bali dakika za mwanzo unaporudi: nyumba zote mtaani zina friji na pampu zinazowaka pamoja, volti inashuka, inapanda, inakatika tena. Desturi ya kwanza haina gharama. Umeme ukikatika, zima swichi ya ukutani, na usiiwashe mpaka taa za nyumba zitulie kama dakika tano.

Kisha nunua UPS, kile kifaa chenye betri, yenye kurekebisha volti ndani yake. Hapo watu hudanganyika na namba. VA, ile namba inayoandikwa kwenye boksi la UPS, si wati. UPS nyingi za VA 650 zinatoa wati 360 hadi 390 tu. Chukua kompyuta ya Ryzen 5 5600 na kadi ya RX 6600: prosesa inafika wati 76, kadi 132, madabodi, diski na feni tuseme 50. Hizo ni 258. Pawasaplai nayo inapoteza sehemu ikigeuza umeme, kwa hiyo ukutani inavuta kama 300, na monita 30 juu yake. UPS ya VA 650 itakuwa ukingoni, na betri ikishachakaa itazima palepale. Chukua ya VA 1000 au 1200. Itakupa dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima kwa utaratibu, si za kumalizia mechi. Ukifika nayo nyumbani, ijaribu: kompyuta ikiwa katika gemu, chomoa UPS ukutani. Baadhi ya pawasaplai nzuri hazipatani na mawimbi ya umeme ya UPS rahisi, zinajizima. Bora ulijue hilo siku ya kwanza, wakati duka bado linakubali kubadilisha.

Lipo jambo jingine ambalo wengi wanalizoea bila kuuliza. Ukigusa bati la keisi kwa mkono mtupu, unahisi kama linawasha au linachoma kidogo? Maana yake tundu lako la ukutani halina ethi (waya wa kuteremsha umeme ardhini) inayofanya kazi. Ndani ya pawasaplai mna kapasita za kuchuja zinazounganisha waya za umeme na bati la keisi. Ethi ikiwepo, ule umeme mdogo unateremka ardhini. Isipokuwepo, bati linabaki na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo, lakini unaweza kuua tundu la HDMI au USB pale unapochomeka waya. Mwite fundi umeme apime ethi ya nyumba, na msitumie adapta za pini mbili.

Duka moja Darajani wana pawasaplai ya wati 500 kwa bei nusu ya nyingine. Kuna tatizo? (Michenzani)

Soma kibandiko chake. Tafuta mstari wa +12V na uzidishe ampea kwa 12. Ikiwa imeandikwa ampea 18, basi ni wati 216 pale panapotumika na prosesa na kadi, hata boksi liseme 500. Ya wati 500 iliyo kweli huwa na karibu ampea 38 hadi 41. Uzito nao unasema: nyepesi sana, ina shaba na kapasita chache. Ukikuta swichi nyekundu nyuma yenye 115 na 230, khasa kwa vifaa vilivyotumika Marekani, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115 italipuka papo hapo.

Naishi karibu na pwani. Baada ya mwaka mmoja skrubu zina kutu na RAM inagoma. Nifanyeje? (Nungwi)

Hewa ya bahari inabeba chumvi, chumvi inanyonya unyevu, na unyevu wenye chumvi unapitisha umeme na kula shaba. Ndiyo maana vumbi la pwani ni baya kuliko vumbi la ndani: likikaa juu ya madabodi linakuwa utando wa unyevunyevu usiokauka, khasa wakati wa masika.

Usafi wa kila miezi mitatu ni huu. Zima, chomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Toa keisi nje ya nyumba, peperusha vumbi kwa kipulizia huku umeshika panga za feni zisizunguke, kwani feni ikizungushwa kwa nguvu inaharibu beringi na inaweza kurudisha umeme kwenye madabodi. Chomoa RAM. Meno yake ya dhahabu yasugue polepole kwa raba nyeupe ya penseli, futa mabaki, halafu pitisha kitambaa kisicho na nyuzi chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya buluu hapana, wala manukato. Fanya hivyo hivyo kwa meno ya kadi ya picha. Ukiona ukijani kwenye madabodi, loanisha mswaki laini kwa alkoholi hiyo, sugua bila kukandamiza, acha ikauke vizuri kabla ya kuwasha.

Mahali pa kuweka pana uzito kuliko usafi wenyewe. Isikae chini ya dirisha linalotazama bahari wala sakafuni. Ziba sloti zote za nyuma zisizotumika. Iwashe kila siku japo saa moja, kwa kuwa joto lake lenyewe linakausha unyevu. Kompyuta inayokaa wiki tatu imezimwa mwezi wa Aprili inaoza haraka kuliko inayochezewa kila usiku. Na kama chumba kina AC, usiitoe kompyuta baridi ukaiwasha hapohapo kwenye chumba cha joto. Itatoa jasho kama chupa ya soda. Ipe saa mbili.

Nina madabodi ya B450 na Ryzen 3 2200G. Nataka Ryzen 5 5600. Ni kuchomoa na kuchomeka tu? (Wete)

Tundu ni moja, AM4, lakini BIOS yako ya zamani, ile programu ya ndani ya madabodi inayoiwasha kompyuta, haitaitambua prosesa mpya. Anza na BIOS prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Soma jina kamili la madabodi lililochapwa juu yake, pamoja na namba ya toleo, pakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji, litie kwenye flashi iliyoformatiwa FAT32, kisha ingia BIOS na usasishe kutoka humo. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii madabodi inaweza kufa, na Pemba hamhitaji kuambiwa kuhusu waya unaovuka bahari kutoka Tanga. Fanya ukiwa na UPS au usifanye.

Pili, kutoa feni na kipoozeo chake. Krimu ya joto iliyo kati ya kipoozeo na prosesa, ikiwa ya miaka mingi, inakuwa gundi. Ukivuta kipoozeo moja kwa moja juu, prosesa ya AM4 inang'oka nacho kutoka kwenye tundu lililofungwa, na pini zinapinda. Cheza gemu dakika kumi ili krimu ilainike, zima, chomoa umeme, legeza kipoozeo, kizungushe kushoto na kulia taratibu mpaka kiachie, ndipo ukinyanyue. Safisha krimu ya zamani, weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati.

Tatu, 2200G ina uwezo wa kutoa picha ndani yake, 5600 haina. Bila kadi ya picha hutaona kitu kwenye skrini. Kama kadi bado iko njiani kutoka bara, usibadilishe prosesa mpaka ifike.

Nimejenga mpya, feni zote zinazunguka, skrini nyeusi. (Kiembesamaki)

Karibu kila mara ni jambo dogo. Waya wa monita uwe kwenye kadi ya picha, si kwenye tundu la madabodi. Kuna waya wa pini 8 juu kushoto, karibu na prosesa, watu wanausahau kwa kuwa umejificha. RAM isukumwe mpaka kibano kilie. Vijiti viwili vikae sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kama ni RAM ya DDR5, kuwasha kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua dakika kadhaa, basi usikimbilie kuzima. Vyote vikiwa sawa na bado giza, itoe madabodi kwenye keisi, iweke juu ya boksi lake, washa ikiwa na prosesa, kijiti kimoja cha RAM na kadi tu. Ikiwaka hapo, kuna nguzo ya skrubu ndani ya keisi inayogusa mahali pasipo tundu.

Kuna kijana ananiuzia GTX 1050 Ti mtandaoni kwa bei ya kutupa. Nitajuaje ni ya kweli? (Makunduchi)

Tazama matundu yake. Familia ya GTX 10 haikutengenezewa kutoa picha ya VGA. Ukikuta tundu la buluu la VGA, shuku kwamba ni kadi kuukuu iliyobadilishwa jina ndani. Mwambie aiwashe mbele yako, fungua GPU-Z, programu inayosoma kadi ya picha: kadi nyingi za uongo inaziandikia neno FAKE mbele ya jina. Halafu ichezee gemu nzito nusu saa, si dakika mbili, maana iliyochoka inaonyesha madoa au inazima ikishapata moto. Na anayekuuzia RX 580, hesabu ndani ya GPU-Z: ya kweli ina vitengo vya kuchakata 2304. Ile ya 2048SP nguvu zake ni za RX 570, basi lipa bei ya RX 570.

Nanunua kompyuta nzima Kariakoo. Niipandishe boti vipi? (Mkunazini)

Chomoa kadi ya picha uifunge peke yake kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli. Kadi nzito ikitikiswa na bahari inavunja sloti. Kipoozeo kikubwa cha mnara nacho kitoe. Keisi ya kioo ilaze, upande wa madabodi chini, na upande nayo wewe, isiende na mizigo. Weka risiti karibu kwa ajili ya forodha bandarini. Ukifika Malindi usiiwashe usiku huohuo: iache ikauke, rudisha kadi, kaza skrubu zake, ndipo uchomeke.