Usikimbilie kubadilisha tabo

Pole ndugu uliyeuliza kama ubadilishe tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Gari la tabo ulilonunua juzi likikosa nguvu mlimani na kupiga mluzi, bado si ushahidi kwamba tabo imekufa. Anza kwa kusoma kodi za hitilafu, yaani namba za makosa zinazohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. P0299 inasema tu kwamba presha ya tabo haifiki inapotakiwa. Mara nyingi chanzo ni mpira uliopasuka au klempu iliyolegea kati ya tabo na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo): hewa inavujia hapo, na huo ndio mluzi unaousikia. Mwambie fundi apulize moshi kwenye mfumo wa hewa, mvujo utajionyesha wenyewe. Akague pia vile vipira vyembamba vya westigeti (vali inayodhibiti presha ya tabo), hukauka na kupasuka.

Angalia na rangi ya moshi wa ekzosi. Bluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa, na mpira uliopasuka huleta hali hiyohiyo, hasa kwenye dizeli. Ukiwa mweupe mzito hata injini ikishapata moto, na maji ya rejeta yanapungua, usiliendeshe kabisa.

Injini ikiwa imezimwa na kupoa, fungua mpira wa kuingizia hewa ushike shafti ya tabo. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida. Mapanga yakigusa ukuta, au shafti ikienda mbele na nyuma, hapo tabo imekwisha. Lakini kabla ya kufunga nyingine, safisha au badilisha paipu ya oili inayoilisha, la sivyo mpya nayo itakufa kwa kukosa oili.