Samaki "wazalishe" au wazaliane?

Msomaji wa Ujiji, Kigoma, anatafsiri tangazo la mwaloni kutoka Kiingereza. Neno "reproduce" limemjia mara mbili katika ukurasa mmoja: kwanza kuhusu samaki, kisha kuhusu tangazo lenyewe. Ameandika "samaki waachwe wazalishe tena" na "tangazo hili lisizalishwe bila idhini". Anauliza kama yuko sahihi.

Jibu: Sentensi zote mbili zibadilishwe. Andika "samaki waachwe wazaliane" na "tangazo hili lisinakiliwe bila idhini".

Tatizo la "zalisha" ni kwamba linadai kitu cha kuzalishwa. Mkunga humzalisha mama, Uvinza huzalishwa chumvi, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Kihinga huzalisha mbegu za michikichi. Ukisema samaki wazalishe, mvuvi atauliza: wazalishe nini? Hilo "tena" nalo limetokana na kulikata neno la Kiingereza vipande viwili na kutafsiri kila kipande peke yake. Liondoe.

"Zaliana" limetokana na zaa. Herufi l iliyomo haikuongezwa. Ilikuwemo tangu zamani. Kiswahili kiliidondosha kati ya irabu, nayo hurudi kitenzi kinaponyambuliwa: kaa, kalia, vaa, valia, zaa, zalia, zaliana. Wanyamwezi wa Tabora bado wanaitamka wanaposema kubyala. Kiambishi -an- hapa hakina maana ya kutendana kama katika pigana, bali kinaonyesha kundi linavyoongezeka. Ndiyo maana hata bakteria, ambao hugawanyika tu, tunasema huzaliana. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, lengo lilikuwa dagaa na migebuka wazaliane, yaani wawe wengi. Ukitaka kutaja tendo lenyewe, sema dagaa hutaga. Wapo samaki wa ziwa hilo ambao baada ya kutaga huatamia mayai kinywani, nao pia usiseme wamezaa.

Kwa binadamu uwe mwangalifu. "Watu wa kijiji hiki wanazaliana sana" ni kauli inayoudhi, kwa sababu inawaweka watu katika kundi la mifugo. Sema wanazaa, wanapata watoto, wanajifungua. Jina la jumla ni uzazi, kama katika afya ya uzazi.

Sasa tangazo. "Nakili" ndilo neno pana kuliko yote: kuandika upya kwa mkono, kupiga picha kwa simu, kupitisha kwenye mashine, yote ni kunakili. "Durufu" ni kutoa nakala nyingi kwa mashine. Mitaani watu husema kutoa kopi, na hakuna ubaya, ila ukiandika "usitoe kopi" tu, aliyepiga picha kwa simu atakwambia hukumkataza. Kama unahofia gazeti litalitumia, ongeza "wala kuchapishwa upya". Na ukikuta "reproduce" kuhusu matokeo ya utafiti, hayo hayanakiliwi wala hayazaliani: mtafiti wa pili hurudia jaribio akapata matokeo yale yale.

Kuna mahali ambapo maana hizi mbili, kuzaliana na kunakili, hukaribiana mno, na kwa watu wa Kigoma kosa lake hugharimu shamba zima. Mchikichi wa Tenera ni chotara wa Dura, wenye ganda nene la kokwa, na Pisifera, usio na ganda. Mkulima akiokota mbegu chini ya Tenera zake zilizochavushana zenyewe, miche haitakuwa nakala ya mama. Katika kila minne, kwa wastani mmoja utakuwa Dura, miwili Tenera, mmoja Pisifera. Kwa hiyo katika kipeperushi cha michikichi usiandike "Tenera hujizalisha", kwani msomaji ataelewa kwamba mti utatoa mwenzake. Andika: "Mbegu za kuokota chini ya Tenera hazitoi Tenera tupu, nunua mbegu au miche kwa mzalishaji anayetambulika."

Mzalishaji, hapo, ni neno sahihi kabisa: kinachozalishwa kimetajwa.